Kulabu ya Susu

Chuma kile hakikuwa cha mmisionari Krapf. Niliwahadithia watu hapa Ekalakala, sokoni, darasani na nyumbani kwa mwenye mali, kwamba kilitokana na msafara wake wa mwaka 1851. Niliwapotosha.

Ni kichwa cha chuma chenye tundu la kuchomekea mpini, ncha moja imenyooka, nyingine imepinda. Mwenyewe, Susu, alikuwa akikitumia kuburuta matawi ya miiba ya kuzibia zizi la mbuzi. Nilipokiona tu, nilikidhani silaha, nikamkumbuka Kivui, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani aliyeandamana na Johann Ludwig Krapf kuelekea mto Tana. Walivamiwa, Kivui akauawa, na Krapf akatanga porini kwa kiu hadi alipofika mtoni na kujaza maji kwenye mitutu ya bunduki yake. Tana hiyo ndiyo inayojaza bwawa letu la Masinga. Hadithi ilinikolea, nami ni mwalimu. Nikisema jambo, watu husadiki.

Ushahidi wa kunikanusha nilikuwa nimeushika mkononi. Ncha iliyonyooka si kali hata kidogo: inaishia kwa kifundo cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko punje ya mbaazi. Hakuna anayefua silaha namna hiyo. Kifundo ni cha kusukumia chombo kisigonge gati, tena bila kutoboa mbao. Pale palipopinda ni pa kunasia kamba na kukivuta chombo karibu. Ni kulabu ya mashua. Marehemu mume wa Susu alifanya kazi bandarini Kilindini ujanani. Siku ya kwanza kabisa Susu alianza, "Mwalimu, hiki mzee alikuja nacho kutoka Mombasa..." Nikamkatiza.

Linaloniuma zaidi ni brashi ya waya. Nikitafuta tarehe, nilikisugua chuma mpaka kutu yote ikatoka, kisha nikapitisha msasa. Kando ya tundu la msumari palikuwa na alama hafifu iliyogongwa, huenda herufi, huenda mshale. Mali ya serikali ya Uingereza ilikuwa ikigongwa alama ya mshale, vifaa vya jeshi la majini vikiwemo. Alama ile ingeweza kutuambia kulabu ilitoka chombo cha nani. Sasa pale ni laini, panang'aa, wala hakuna wa kuirudisha.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 huhesabu kuwa cha kale kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Niliiaminisha familia kwamba inacho kifaa cha aina hiyo. Wana wa Susu wakaanza kugombania bei ambayo hakuna aliyeitaja, kulabu ikafungiwa sandukuni, na mama yao akarudi kuvuta miiba kwa mikono mitupu. Niliiona ile mikono.

Nimemwomba Susu radhi mbele ya wanawe. Kulabu imerudishiwa mpini. Wanafunzi walioandika madaftarini kwamba ilikuwa ya Krapf waifute sentensi hiyo. Habari za Krapf na Kivui waziache, hizo ni za kweli.