Damu ya Pwani

Mtoto wa Dar es Salaam anaujua Mlima Kilimanjaro kwa picha. Ameuona kwenye kitabu cha jiografia, kwenye chupa ya maji na kwenye kalenda iliyotundikwa sebuleni. Lakini mwulize nani mtaani kwao amewahi kufika juu, atakuna kichwa weee, halafu atakutajia Mzungu fulani aliyepita kununua vinyago. Jambo hilo lilitukera. Siku moja tumekaa kijiweni pale Temeke, washikaji sita, tukasema basi, Desemba 9 ya mwaka huu itukute kileleni. Sikukuu ya Uhuru si ya kulala. Mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na mwenge pale juu. Na sisi tukapige hata picha.

Kusema ni rahisi. Pesa tulichanga miezi kumi na minne, kama watu wa upatu. Buti nilizipekua Karume Jumamosi tatu mfululizo, mpaka nikapata jozi ya mtumba yenye nafasi ya kidole mbele, maana kushuka mlima ndiko kunakong'oa kucha. Jaketi, glavu, soksi za sufu, vyote vilipatikana humo humo kwenye marundo. Muuzaji aliniuliza, "Dada, unahamia Ulaya?"

Mazoezi nayo! Kila Jumapili tulitembea kwa miguu kutoka Temeke hadi Mwenge, begi mgongoni limejaa chupa za maji. Katikati ya wiki nilipanda ngazi za jengo moja la ghorofa kumi Kariakoo, mara tano kwenda na kurudi. Mlinzi alinitazama siku mbili, ya tatu akashindwa kuvumilia. "Dada, lifti nzima hiyo. Unamkimbia nani?"

Nikajiona nimeiva. Kisha nikaongea kwa simu na kiongozi wetu, mzee wa Marangu aliyepanda mlima ule mara nyingi hata haoni haja ya kuhesabu. Sheria ya hifadhi haikuruhusu kupanda bila kiongozi mwenye leseni. Nilimsimulia ngazi zangu zote. Akacheka kwa upole. "Vizuri sana. Lakini miguu utaitengeneza Dar, damu utaitengenezea huku."

Maana yake ni hii. Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kule ni nyepesi mno: pumzi moja ya kileleni inakupa kama nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar. Mwili huzoea ukipewa siku, na siku hizo hazinunuliwi kwa ngazi za Kariakoo. Mara nyingi vijana wenye nguvu ndio wanaoumia, kwa sababu wanakimbia. Kichwa kinagonga, chakula kinarudi, na mtu akibisha, maji yanaweza kujaa mapafuni au ubongo ukavimba. Hapo dawa kubwa ni moja: kushuka. Ndiyo maana mzee alikataa safari ya siku tano, akataka sita. Tunalala Mandara, mita 2,700 hivi, halafu Horombo, 3,700, usiku mbili, ndipo tuguse Kibo, 4,700.

Neno hilo la damu nililipeleka nyumbani kama mzaha. Mama alikuwa anachambua mchicha. Akaacha.

"Mwanangu, damu yako unaijua?"

Nikanyamaza. Mdogo wangu alifariki mwaka 2009, ana miaka kumi na moja, kwa ugonjwa wa selimundu. Mama ni mtu wa Muheza, baba wa Musoma, kote kuna mbu tele. Wazazi wote wawili walikuwa wamebeba vinasaba vile bila kujua. Anayebeba upande mmoja haugui, tena vinamkinga na malaria kali, ndiyo maana vimeenea sana nchi za joto. Anayerithi pande zote mbili ndiye anayeteseka.

Nikaenda kupima. Majibu: nimebeba upande mmoja.

Daktari alinieleza bila kunitisha. "Binti, ungekuwa na ugonjwa wenyewe ningekukatalia. Wenye hali yako wengi wanapanda na kurudi salama. Lakini wachache, hewa ikipungua, chembe za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa ya bandama. Ukisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, usisubiri kupambazuke. Shuka." Akaongeza: maji kwa wingi, nguo za joto, na usishindane na mtu.

Nikajiuliza: damu iliyojengwa kushindana na mbu wa bondeni, naipeleka kwenye barafu kutafuta nini?

Mshikaji mmoja alinishauri nikaushe. "Ukimwambia mzee atakutoa kwenye safari, na pesa hairudi." Aliongea kwa mapenzi, sikumchukia. Lakini mlimani huendi peke yako. Kuna wapagazi, wagumu kama wanavyojiita, vijana wa umri wetu watakaobeba mahema ya hofu zetu pamoja na mizigo. Nikianguka usiku kule Kibo, hao ndio watakaonishusha gizani.

Nikampigia mzee. Akakaa kimya kidogo. "Umefanya vema kuniambia, binti yangu. Msaidizi wangu mmoja atatembea nawe. Ukisema mbavu, mnageuka, hamna mjadala. Wenzako wataendelea." Nikakubali. Mama naye nilimwahidi hivyo hivyo, nikimtazama machoni.

Tunaondoka wiki ijayo. Begi nimelipima dukani kwa muuza mchele: kilo 12, na mpagazi anaruhusiwa kunibebea hadi 15. Zile tatu nimeamua zibaki hewa. Mgongo ni wa mtu.

Kwa hiyo Januari ukinikuta kijiweni, usianze na swali la kama nilifika. Huenda nitakuwa na picha ya Uhuru, huenda ya Horombo tu, nimeshika kikombe cha chai. Mlima hauhami. Mama ameshazika mtoto mmoja, na mimi nina kazi ya kurudi.