Mabaka Mekundu ya Watoto: Kutoka Kuluva hadi Koboko

Mzazi kijana wa Arua, Uganda, akiambiwa kwamba baka jekundu kwenye kope la mtoto wake litatibiwa kwa kidonge cha shinikizo la damu, huipokea habari hiyo kana kwamba tiba hiyo ilikuwapo tangu enzi za babu zake, ilhali haijatimiza hata miaka 20. Baka lenyewe huitwa hemanjioma, yaani uvimbe usio wa saratani utokanao na mishipa midogo ya damu kuongezeka kupita kiasi. Huanza katika majuma ya kwanza, hukua kwa kasi hadi karibu mwezi wa 5, kisha husinyaa polepole kwa miaka mingi.

Katika zama za Dkt. Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva, nje kidogo ya Arua, uvimbe uliosumbua fikra ulikuwa ule wa saratani ya taya, ambao yeye na daktari mwenzake Denis Burkitt waliufuatilia kwa gari mwaka 1961 hadi kusini mwa Afrika. Mbele ya ugonjwa ulioua upesi namna ile, baka la kawaida lilijibiwa kwa neno moja, "subiri", nalo lilikuwa neno la kitaalamu, kwa kuwa tangu 1938 daktari Mwingereza Lister alikwisha kuonyesha kwamba mabaka hayo hufifia yenyewe.

Mateso yalikuwa ya mtoto ambaye baka lake lilichanika likawa kidonda. Huyo alipakwa dawa ya zambarau, jenshani, kwa pamba iliyozungushiwa kijiti, nayo ikatia rangi kanga ya mama, titi lake na vidole vya muuguzi, huku harufu ya spiriti ikikutana na ya samaki wakavu wa Panyimur na ya tumbaku, ambazo hakuna aliyelijua soko la Arua la wakati huo anayeweza kuzisahau. Jenshani haikupunguza uvimbe hata kidogo, lakini kuipaka kulimlazimu muuguzi amvue mtoto nguo, amtazame kwenye mwanga, na kumwita tena. Desturi hiyo ya kutazama imepungua, na ni hasara ya kusikitikiwa.

Baadaye ikaja predinisoloni, iliyowavimbisha watoto nyuso. Kisha mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux waliripoti kwamba, walipompa mtoto mwenye tatizo la moyo propranololi, ndiyo dawa ile ya shinikizo la damu, waliona hemanjioma yake inafifia. Barabara ya kutoka Arua hadi Koboko ikatiwa lami, na kidonge, ambacho ni cha bei nafuu, kikafika.

Kinachoudhi ni kwamba wapo wanaokiuza bila kumpima mtoto, ingawa kipimo chake ni miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo kwa siku, na mtoto asiyenyonya vizuri aweza kuishiwa sukari mwilini. Na wapo bado wanaosema "subiri" hata kwa baka la kope, linaloweza kuharibu uoni, ambalo halifai kungojewa kupita mwezi wa kwanza au wa pili. Chanjo za majuma 6, 10 na 14 huangukia katika miezi ileile ya kukua kwa baka, na mizani ipo palepale kliniki. Kinachohitajika ni mhudumu amvue mtoto nguo zote na kumtazama.