Usikimbilie Rangi

Wiki hii natengeneza stoo iliyo chini ya nyumba yetu huku Limuru iwe chumba cha baiskeli. Watoto huziendesha kwenda shule. Cheni ikishika kutu, wanatembea.

Naambiwa, "Pasta, paka rangi tu!" Kwanza nimebandika karatasi ya plastiki sakafuni kwa selotepu, pande zote nne, ikae siku nzima. Matone yakitokea chini yake, unyevu unatoka ardhini na rangi itabambuka. Yakiwa juu, hewa ndiyo yenye unyevu, ongeza dirisha.

Kuna nyumba ambazo picha zake zinang'aa, lakini ndani watu hawasemezani. Mpendwa, usiongeze rangi. Uliza leo: unyevu unatoka wapi?