Programu Haijapotea, Umekosea Herufi

Ndugu mkulima, nawe mwenye duka la pembejeo, leo naweka viuatilifu pembeni kidogo. Wengi wenu sasa mnatunza hesabu kwenye kompyuta, ya dukani au ya AMCOS, na kuna swali linalonifuata kila kijiji: "Bwana shamba, mbona programu imepotea?"

Mara nyingi haijapotea. Umeandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia, herufi zikakosewa, kompyuta ikakuambia hakuna kitu. Mama mmoja muuza mbegu aliandika "kalkuleta", akawa tayari kumlipa fundi aje aiweke upya. Ilikuwemo tangu siku aliponunua kompyuta.

Zipo programu za kutafutia zinazosamehe makosa. Zinahesabu hatua: herufi ngapi ziongezwe, ziondolewe au zibadilishwe ili ulichoandika kiwe jina lenyewe. Hesabu hiyo ina jina la mwanahisabati wa Urusi, Vladimir Levenshtein, aliyeiandika mwaka 1965. "Exel" kufika "Excel" ni hatua 1, inapita. "Kalkuleta" kufika "Calculator" ni hatua 5, na nyingi husamehe 1 au 2 tu. Yaani zimetengenezwa kwa ajili ya kidole kilichoteleza. Sisi tunaoandika kama tunavyotamka hatukufikiriwa, na hilo linanikera.

Nyingine husamehe herufi ulizoruka, si zilizopishana. Humo "frfx" itakuletea Firefox, lakini "fierfox" haileti kitu, ingawa kwa macho yako ndiyo iliyokaribia zaidi.

Kwa hiyo usimalize neno. Andika herufi 3 au 4 za mwanzo ulizo na uhakika nazo, "calc" inatosha. Bora zaidi, weka njia ya mkato ya programu kwenye skrini ya mwanzo, bofya kitufe cha kulia cha mausi, ubadilishe jina lake. Programu haiharibiki, umebadilisha kibao cha mlangoni tu. Ya yule mama sasa inaitwa "Jumlisha".

Ila angalieni msamaha huo kwenye mafaili. "Madeni 2024" na "Madeni 2025" zimeachana tarakimu moja. Ukiwahi kubonyeza Enter unaweza kuandika mkopo wa mbolea wa leo kwenye daftari la mwaka jana, halafu mteja akija kulipa mnaanza kubishana. Mimi ningeyaita "Masika madeni" na "Vuli madeni", na bado ningesoma jina lote kabla ya kufungua.