Panna na Khajuraho: Walikompoteza chui milia, wakamrudisha

MPENZI msomaji, hebu fikiria umeamka saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Januari inakutafuna masikio, nawe unatoka kwenda kumtafuta mnyama ambaye hata jina lake kwa Kiswahili linabishaniwa. Kuna wanaomwita chui milia na kuna wanaomwita simba marara. Si ajabu. Afrika hatuna naye porini, na asiye na ng'ombe hagombanii jina la ndama.

Safari hii ilinipeleka katikati ya India, katika jimbo la Madhya Pradesh. Huko unaweza kukamilisha mambo mawili kwa siku moja: asubuhi kuwatazama wanyama katika Hifadhi ya Panna, na alasiri kuyazuru mahekalu ya kale ya Wahindu katika mji mdogo wa Khajuraho. Kutoka mjini hadi lango la Madla, ambapo watalii wengi huingilia mbugani, ni mwendo wa kilomita 25 hivi.

Nilidhani nakwenda kuona vitu viwili tofauti. Jioni nilirudi nikijua kwamba vyote viwili vina kisa kimoja.

Kimya cha msitu wa misaji

Ukiwa umezoea mbuga zetu, jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba huoni mbali. Maasai Mara unaweza kumwona simba akiwa bado nukta tu kwenye nyasi. Panna ni msitu. Miti mingi ni misaji, ile ambayo mbao zake hutengenezwa milango ya fahari na majahazi. Majani yake ni makubwa kama masinia, na yakikauka hulia chini ya miguu ya kila mpitaji.

Tuliingia kwa gari dogo lililo wazi juu, abiria tumejifunika mablanketi kama wagonjwa. Sheria inataka kila gari liwe na mwongozaji aliyesajiliwa. Wetu alikuwa mzee mpole ambaye alitumia masikio kuliko macho. Alitufundisha kuwasikiliza kima wa mkia mrefu wenye nyuso nyeusi, ambao hukaa juu ya miti huku paa wa madoadoa wakila majani wanayoangusha. Kima huona mbali na paa hunusa vizuri, hivyo kila mmoja humlinda mwenzake. Mmoja akipiga ukelele wa hofu, basi mwenye msitu yuko njiani.

Tuliona tausi. Tuliona swala mkubwa wa rangi ya majivu aitwaye nilgai, mwenye umbo la farasi aliyeonewa na fundi wake. Kwenye kingo za mto Ken, unaokatiza hifadhi hii, tulimwona mamba akiota jua. Kisha, karibu na kijito, mwongozaji aliinua mkono na dereva akasimama ghafla. Kwenye vumbi palikuwa na wayo mpana kama kisahani cha kikombe cha chai. Ulikuwa mbichi, kwani kingo zake zilikuwa bado hazijabomolewa na upepo.

Tulingoja karibu saa nzima. Kima mmoja alipiga kelele mara mbili, kisha akanyamaza. Mwenye wayo hakujitokeza.

Nakiri kwamba nilikunja uso. Mzee wetu alicheka, akasema kuna wakati ambapo ungeweza kuzunguka hapa mwaka mzima usione hata wayo huo.

Mali bila daftari

Alichosema ni kweli. Panna ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1981 na hifadhi maalumu ya chui milia mwaka 1994. Ina ukubwa wa kilomita 540 hivi za mraba, zaidi ya mara nne ya Mbuga ya Nairobi. Hata hivyo, kufikia mwaka 2009 haikuwa imebaki na chui milia hata mmoja. Majangili waliwamaliza kwa ajili ya ngozi na mifupa, ambayo ilikuwa ikiuzwa nchi za nje.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba maonyo yalitolewa mapema. Mtafiti aliyekuwa akiwafuatilia wanyama hao kwa ukosi wenye redio alipiga mbiu miaka kadhaa kabla, akisema kwamba mmoja baada ya mwingine walikuwa wakitoweka. Wakubwa walimkanusha. Kwenye vitabu vya hesabu, chui milia walikuwa tele, msituni hawakuwako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Panna ilikuwa na daftari, lakini daftari lilidanganya, na hilo ni baya zaidi.

Sisi Wakenya hatuna haki ya kuwacheka. Mwaka 1970 nchi yetu ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000. Miaka ya themanini ilipokwisha, walikuwa hawafiki 400.

Basi ikawaje? Machi 2009, majike wawili waliletwa kutoka mbuga za Bandhavgarh na Kanha. Novemba mwaka huo akaletwa dume kutoka mbuga ya Pench. Bwana huyo hakupendezwa na ugeni. Baada ya siku chache alishika njia kuelekea kusini, kwao alikotoka, akipita mashambani na kando ya vijiji. Askari wa wanyamapori walimfuata kwa wiki kadhaa, wengine kwa magari na wengine juu ya tembo, usiku na mchana, wasimpoteze wala wasimwache adhuriwe na watu. Mwishowe walimpiga sindano ya usingizi, wakamrudisha Panna mwezi Desemba.

Safari hii walitumia ujanja. Walinyunyiza mkojo wa jike msituni ili dume anuse na ajue kwamba hayuko peke yake. Usicheke, ndugu msomaji! Aprili 2010, mmoja wa majike hao alizaa watoto wanne. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Panna ina chui milia zaidi ya 50.

Aidha, baadhi ya vijana wa jamii ya Wapardhi, ambao babu zao waliishi kwa uwindaji, sasa huwatembeza wageni kwa miguu nje kidogo ya mbuga, wakiwaonyesha nyayo na kuwaigia milio ya ndege. Ujuzi ni uleule wa babu. Kilichobadilika ni anayelipwa na kwa kazi gani.

Milima ya mawe ya Khajuraho

Tulirudi mjini saa sita na njaa ya mbwa mwitu. Chakula kilikuwa chapati, dengu na achari, na nikajiona niko nyumbani, maana maneno hayo yalivuka Bahari ya Hindi pamoja na vyakula vyenyewe. Kisha tukaenda kwenye mahekalu.

Mkazi wa Nairobi amezoea kuyaona mahekalu ya Wahindu kule Ngara na Parklands. Haya ya Khajuraho ni ya umri mwingine. Yalijengwa na wafalme wa ukoo wa Chandela, mengi yao kati ya mwaka 950 na 1050. Inasemekana yalikuwa 85. Yaliyobaki ni kama 25. Mengine ni ya dini ya Wajaini, waliojenga jirani na Wahindu bila ugomvi. Mwaka 1986 shirika la UNESCO liliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia.

Kubwa kuliko yote ni Kandariya Mahadeva, hekalu la mungu Shiva. Lina urefu wa mita 31 hivi, sawa na ghorofa kumi. Vilele vyake vinapandana, vidogo vikiegemea vikubwa, hadi jengo zima likafanana na safu ya milima. Mawe yalichongwa yakaumana, ulimi wa hili ukiingia kwenye tundu la lile, bila chokaa ya kuyagandisha. Sanamu zilizochongwa ndani na nje ya hekalu hilo moja zinapita 800.

Ukikaribia ndipo utatabasamu. Kuna msichana anayejitia wanja, mwingine anakamua maji ya nywele baada ya kuoga, mwingine ameinua mguu anatoa mwiba. Kwenye ukuta wa chini wa hekalu la Lakshmana kuna msafara mrefu wa tembo, farasi, askari na wapiga ngoma. Kadhalika kuna sanamu ya mtu anayepambana na mnyama mkali mfano wa simba, nembo ya ukoo wa Chandela. Nami niliyemkosa mnyama asubuhi, nilisimama mbele ya huyo wa mawe nikamtazama nilivyotaka.

Ndiyo, zipo pia sanamu za mapenzi ambazo ndizo zilizolipa Khajuraho sifa duniani. Ni sehemu ndogo, kama moja kati ya kumi. Mzazi aliye na watoto na awaongoze kwenye tembo, ambao ni wengi wa kutosha.

Nguvu za Chandela zilipovunjika, mji ulififia na msitu ukayafunika mahekalu. Vitabu vya Wazungu husema yaligunduliwa mwaka 1838 na T. S. Burt, afisa wa jeshi la Waingereza. Ukweli ni kwamba alielezwa habari zake na mmoja wa wachukuzi wa machela yake! Tena, karne tano kabla yake, alipita msafiri Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaandika juu ya ziwa na mahekalu ya mahali hapo. Na hekalu moja, Matangeshvara, wenyeji wanaabudu hadi leo. Jioni ile nilisikia kengele zake, nikamwona mama akivua viatu na kumshika mtoto mkono ili wapande ngazi. Kwao hapakuwa na kitu cha kugundua.

Maji au msitu?

Sasa kuna jaribio jipya. Tarehe 25 Desemba 2024 liliwekwa jiwe la msingi la bwawa la Daudhan, litakalojengwa katika mto Ken, ndani ya hifadhi ya Panna. Nia ni kuyapeleka maji ya Ken hadi mto Betwa, yanyweshe mashamba na watu wa Bundelkhand, eneo ambalo ukame umelitesa miaka nenda miaka rudi. Bwawa hilo litazamisha sehemu ya msitu ambao chui milia walirudishiwa kwa taabu ile yote, na vijiji kadhaa vitahamishwa.

Ni rahisi kwa mgeni kusema mradi huo ni mbaya, kisha akapanda ndege akaenda zake. Mwongozaji wetu hakusema hivyo. Watoto wake wanakula kwa kazi ya msitu, ilhali ndugu zake wanalima na kisima chao hukauka kila Aprili. Alisema anayataka yote mawili. Sisi tulioona reli ya SGR ikipitishwa juu ya Mbuga ya Nairobi tunaujua mzigo wa maneno hayo.

Ombi langu ni dogo. Kama bwawa halina budi, basi safari hii daftari liandikwe ukweli: ni msitu kiasi gani unaopotea, ni watu wangapi wanaohamishwa, na mnyama ataelekea wapi maji yakipanda. Panna ilishaonja gharama ya hesabu za kufurahisha wakubwa.

Ukitaka kwenda

Ndege hutoka Nairobi hadi Mumbai. Kutoka huko utaunganisha hadi Delhi, na Delhi kuna treni ya Khajuraho. Pata viza mapema, wala usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Bila hicho Mkenya huweza kuzuiliwa uwanjani. Nenda kati ya Novemba na Machi. Aprili na Mei jua ni kali mno, na wakati wa mvua za Julai hadi Septemba mbuga hufungwa. Beba sweta la asubuhi, na viatu vyepesi kuvua, kwa kuwa mahekaluni huingii navyo.

Na ukikosa kumwona chui milia, usikunje uso kama mimi. Tazama wayo vumbini, kisha kumbuka mwaka 2009.