Huntsville, Mji wa Roketi na Kambi ya Watoto

Mgeni anayeingia Huntsville, kaskazini mwa jimbo la Alabama nchini Marekani, hupokewa na roketi iliyosimama wima, ikionekana tangu barabara kuu. Ni mfano wa Saturn V, chombo kilichowapeleka watu mwezini mwaka 1969, na urefu wake ni kama mita 110. Saturn V halisi imelazwa katika jengo la jirani, na mgeni hutembea chini yake.

Zamani mji huu ulijulikana kwa pamba. Mwaka 1950 wahandisi wa roketi walihamia hapa, na mji ukabadilika. Makumbusho ya roketi yalifunguliwa mwaka 1970, kisha mwaka 1982 ikaanzishwa kambi ya watoto iitwayo Space Camp.

Shule zinapofungwa majira ya joto, watoto hufika na mabegi yao na kulala bwenini. Kila kundi hupewa safari ya kuigiza: huyu huongoza chombo, yule huketi kwenye chumba cha mawasiliano. Katikati ya safari, walimu huwatilia hitilafu kwa makusudi. Mtoto hulazimika kusoma vipimo, kukokotoa na kushauriana na wenzake kabla ya muda kwisha. Hesabu ile iliyomchosha darasani sasa anaihitaji.

Miongoni mwa waliopitia kambi hiyo ni Dorothy Metcalf-Lindenburger, ambaye baadaye alikuwa mwalimu wa sayansi. Siku moja mwanafunzi wake alimuuliza wanaanga hujisaidiaje wakiwa angani. Mwalimu mwingine angelikemea swali hilo. Yeye alikwenda kulitafutia jibu, na katika kutafuta akaona kuwa NASA inahitaji walimu wa kuwafunza uanaanga. Akaomba nafasi, na mwaka 2010 akaruka na chombo cha Discovery.

Ndugu wazazi, kambi ya Huntsville ina gharama, na wengi wetu nauli yake hatuna. Lakini likizo ya Juni tunayo, na ua tunao. Msimikeni mtoto kijiti wima mahali penye jua. Adhuhuri apime kivuli kinapokuwa kifupi kabisa, na apime tena wakati wa Alasiri unapoingia. Akitoa kipimo cha kwanza katika cha pili, atakuta jibu linakaribia urefu wa kijiti chenyewe. Hapo atajua kwamba saa za swala anazoziona ukutani msikitini zimetokana na jua na hesabu.

Kisha atauliza: kwa nini kivuli cha leo si sawa na cha mwezi ujao? Tusimwambie anyamaze, hata kama jibu hatunalo. Tumpe rula na daftari, binti kama mvulana, na tukae naye uani tupime pamoja. Inshaallah jibu tutalipata naye.