Sifuri Nne

Mama alitoka hospitali Jumamosi, bandeji shingoni na karatasi mkononi. Walikuwa wamemtoa rovu, na tezi yote ikaenda nalo. Kuanzia kesho yake angemeza levothairoksini kila asubuhi, maisha yake yote.

Karatasi ilisema 0.05 mg. Boksi la dawa lilisema mikrogramu 50. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba, mwaka wa pili chuo kikuu, kwa hiyo kazi ya kulinganisha nikaachiwa mimi.

Nikachukua kalamu. Mikrogramu moja ni gramu 10⁻⁶, kwa hiyo hamsini ni gramu 5 × 10⁻⁵. Hadi hapo nilikuwa sawa. Kisha nikakumbuka kanuni niliyoikariri sekondari bila kuielewa: kipeo hasi tano, sifuri tano. Nikaweka nukta, nikapanga sifuri tano, nikamalizia na 5. Gramu 0.000005. Ile ya kwenye karatasi nayo nikaigeuza: gramu 0.00005. Nikagawanya. Jibu likaja kumi.

"Mama, unameza vidonge kumi."

Alikuwa haruhusiwi kugeuza shingo, akanigeukia mwili mzima. "Vingapi?"

"Kumi. Nimepiga hesabu."

Akalichukua boksi, akavihesabu kwa kidole. Thelathini. "Mwanangu, nesi aliniambia dawa hii ni ya mwezi. Vidonge thelathini, siku thelathini. Nikimeza kumi, Jumatano nakula nini?"

Mama aliishia darasa la saba.

Nilirudi kwenye karatasi yangu, mara hii bila kanuni. Nikaandika 5, nikaisogeza nukta kushoto hatua moja moja: 0.5, 0.05, 0.005, 0.0005, 0.00005. Hatua tano. Baada ya nukta kuna sifuri nne tu, kwa sababu hatua ya kwanza inaliwa na 5 yenyewe. Sifuri ya tano ipo, lakini imekaa kabla ya nukta. Namba mbili zilikuwa moja. Kidonge kimoja.

Dozi hiyo ikizidi mara kumi, siku hadi siku, moyo hukimbia na mikono hutetemeka. Nilisoma hayo usiku ule, Mama akiwa amelala chumba cha pili, na wa kwangu ukakimbia bila dawa.

Siku hizi nafanya kazi na majedwali ya kompyuta, na mara nyingi skrini inanitupia 5E-05 kana kwamba hicho ni kitu kidogo. Wenzangu wananicheka ninapochukua kalamu na kurukisha nukta, hatua kwa hatua, kama mtoto wa darasa la tano. Nawaacha wacheke. Nikimaliza, bado najiuliza swali la Mama: je, boksi litafika mwisho wa mwezi?